Mgonjwa Aulizwe Kwanza

Tangu Januari 1922, alipodungwa kijana Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, katika hospitali ya Toronto huko Kanada, insulini kwa kawaida imebaki kuwa dawa ya sindano, kwa kuwa asili yake ni protini, na tumbo huisaga protini hiyo sawasawa na lisagavyo nyama na maharagwe, isifike kwenye damu na nguvu zake. Kwa hiyo mtu ambaye kongosho lake limekoma kuitoa hana hiari katika kudungwa au kutodungwa; hiari aliyosaziwa ni ya namna ya kudungwa na ya saa za kudungwa, na hiyo ndiyo ambayo, kwa masikitiko yangu makubwa, naona twampokonya pasipo kukusudia.

Aghalabu mambo huenda hivi: tabibu, mwenye foleni ndefu mlangoni pake, huitazama hesabu ya sukari, akaandika jina la dawa na idadi ya yuniti za asubuhi na jioni, na mgonjwa akaondoka na kichupa na mabomba ya sindano bila ya kuulizwa hula saa ngapi, macho yake yanaonaje, mikono yake inatulia au inatetemeka, na nyumbani yupo nani. Sisemi kwamba ni ukatili. Ni wingi wa watu na uchache wa dakika. Lakini maswali hayo manne ndiyo yanayoamua kama dawa itamponya mtu au itamdhuru, nayo hayamalizi dakika tano.

Kichupa kina mililita 10, yaani yuniti 1000, na kwa bei ndiyo njia iliyo nafuu kuliko zote. Wala si njia duni, kwani mikono iliyozoea huitumia kwa usahihi maisha yote. Taabu yake iko katika kupima. Nilimtazama bibi mmoja wa mtaani kwetu akivuta dawa yake: alisimama penye nuru ya dirisha, akakiinua kichupa kifudifudi mbele ya macho, akavuta, akaona povu la hewa, akaligonga bomba kwa ukucha, akairudisha dawa ndani, akavuta tena, kisha akamwita mjukuu wake. “Hebu nitazamie, imefika kumi na nane?” Mtoto akasogea, akasema, “Bado, bibi, iko kumi na sita.” Katika bomba la yuniti 100 mstari mmoja ni yuniti mbili, na mistari ile ni myembamba kuliko uzi, na kisukari chenyewe ndicho kinachofifisha macho yanayotakiwa kuisoma. Mtoto huyo akiwa shuleni, nani atamsomea bibi yake? Na ikiwa amepewa bomba lililopimwa kwa insulini ya yuniti 40 kwa mililita, akalitumia kwa insulini ya yuniti 100, atajidunga mara mbili na nusu ya kipimo chake, naye anaamini kwamba ametii kila alichoagizwa.

Kwa mtu kama huyo kalamu ya insulini si anasa. Ilianza kuuzwa mwaka 1985, na hubeba mililita 3, yaani yuniti 300. Mwenye kuitumia huzungusha kitako chake mpaka namba aitakayo ionekane dirishani mwake, na kila yuniti hulia na kusikika vidoleni. Sindano yake yaweza kuwa na urefu wa milimita 4 tu, jambo ambalo huwaondolea hofu watoto na wazazi wao. Hata hivyo kalamu ina adabu zake: kwanza zimwagwe yuniti mbili kuhakikisha kwamba dawa yapita, ile yenye ukungu ibiringishwe na kupinduliwa mpaka ichanganyike, sindano ikae mwilini kwa hesabu ya kumi, wala kalamu moja isitumiwe na watu wawili, hata sindano ikibadilishwa, kwa sababu damu yaweza kurudi ndani. Pampu, inayotiririsha dawa kidogo kidogo mchana na usiku, ni chombo cha ajabu, lakini hutaka vifaa visivyokatika na mtaalamu wa karibu, na kwa wengi wetu bado iko mbali.

Kuliko chombo, hata hivyo, zito zaidi ni saa. Insulini ya mchanganyiko wa 30 kwa 70, inayodungwa mara mbili kwa siku, ina sifa ya kupunguza idadi ya sindano, lakini ikishaingia mwilini hudai chakula kwa wakati wake, na chakula kikichelewa mtu hutoka jasho, hutetemeka, huongea asiyoyajua, na huweza kuzirai. Karani anayekula saa saba kila siku ataipenda. Mvuvi anayengoja upepo, dereva wa lori aliyekwama mizani, au mtu aliyenuia kufunga Ramadhani, atatumbukia hatarini kwa utaratibu huo huo. Huyo huenda akastahili ile ya muda mrefu mara moja kwa siku pamoja na ya haraka kila alapo, ijapokuwa sindano zitafika nne. Nimesikia ikisemwa kwamba wagonjwa hawataki sindano nyingi. Baadhi yao hawataki, kweli. Wengine wangezichagua kwa furaha, laiti wangejua kwamba zinawanunulia uhuru wa kula wanapopata.

Watu watasema kalamu ni ghali, na katika hilo wana haki. Afrika Kusini ilikwisha kuwazoesha wagonjwa wa hospitali za umma kalamu, na mwaka 2024, kampuni iliyokuwa ikizileta ilipoacha kuendelea na mkataba, wengi walirudishwa kwenye vichupa na mabomba. Hayo yametukia katika dawa ambayo wavumbuzi wake, mwaka 1923, waliiachia Chuo Kikuu cha Toronto haki yake kwa dola moja kila mmoja, ili isiwe mali ya kuhodhiwa. Mimi sidai kwamba kila mgonjwa apewe kalamu kesho. Nadai kwamba bohari za dawa za serikali zinunue kiasi cha kuwatosha wenye macho dhaifu, wenye mikono inayotetemeka, na watoto wanaojidunga wenyewe shuleni. Kwamba bima ya afya ilipie sindano zake pamoja na dawa, maana kalamu isiyo na sindano haina kazi. Na kwamba katika daftari la kliniki, juu ya mstari wa kuandikia yuniti, ichapwe nafasi ya kuandika saa za mlo wa mgonjwa, na muuguzi asiruhusiwe kuiacha tupu.