Faili la mama lisifungwe leba

Mama aliyeponea chupuchupu kifafa cha mimba huruhusiwa kwenda nyumbani na neno moja: shukuru Mungu, yamekwisha. Hayajaisha, na ushahidi umo katika damu yake.

Mimba yoyote hupandisha mafuta kwenye damu. Trigliseridi huweza kuongezeka mara mbili au tatu kufikia mwezi wa 9, ili mtoto apate chakula. Hilo ni la kawaida. Lakini kwa mama anayepatwa na presha baada ya wiki ya 20, protini ikaonekana kwenye mkojo, yaani dalili za kifafa cha mimba, mafuta hayo mara nyingi huvuka kiwango hicho. Tafiti zimeonyesha kwamba yanaweza kupanda hata kabla presha haijafika 140/90. Katika kuta za mishipa inayolisha kondo la nyuma, madaktari wameona seli zilizojaa mafuta, zinazofanana na zile za mishipa ya mgonjwa wa moyo.

Basi kifafa cha mimba ni ugonjwa wa mishipa, na mishipa haitoki na kondo. Aliyeupata ana hatari ya karibu mara mbili ya kuugua moyo au kiharusi huko mbele.

Huduma zetu hufanya nini? Wiki ya 6 baada ya kujifungua mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa, kadi ya mama ikawekwa kando. Akirudi baada ya miaka 15, upande mmoja umepooza, nani humuuliza mimba zake zilikwendaje?

Tutaambiwa vipimo vya mafuta ni ghali. Hatudai kila mjamzito apimwe mafuta. Hicho si kipimo cha kugundua kifafa cha mimba. Mashine ya presha, kipimo cha mkojo na sindano ya magnesiamu salfeti, inayopunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu, vitangulie katika kila zahanati. Tunachodai ni mstari mmoja kwenye kadi unaosema mama huyu aliugua nini, kisha presha yake ipimwe kila mwaka, na mafuta na sukari pale penye maabara. Mstari huo unahitaji kalamu tu.

Wizara ya Afya iufanye agizo. Mama aliyejulikana yuko hatarini akiachwa bila kufuatiliwa, kiharusi chake tusikiite kudra. Ni uzembe.