Daftari la Wiki: Thelathini Yatosha

Wiki nzima nimeona madereva wakipeana taa: mbele kuna tochi. Mguu unatoka kwenye mafuta, trafiki anapitwa kwa hamsini kamili, mita mia mbele mwendo unarudi palepale. Inaniudhi sana. Anayewasha taa anadhani amemsaidia dereva mwenzake, kumbe amemponza mtu anayevuka huko mbele.

*

Kwenye mkutano wa mtaa wetu ajenda ya takataka iliisha upesi. Ya barabara ikatukalisha hadi adhana ya magharibi. Hoja ilikuwa kushusha mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 30, kuanzia njiapanda mpaka shule ya msingi, kama kilomita moja hivi.

Mzee mmoja mwenye gari alisimama na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973: maeneo ya makazi ni 50, mtaa hauna mamlaka ya kujitungia sheria nyingine. Ni kweli. Lakini hamsini ile ni ukomo, hakuna anayelazimishwa kuifikisha. Na barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017, kwa hiyo tunajua pa kupeleka ombi la vibao na matuta. Ombi hilo litakuwa na uzito gani kama sisi wenyewe hatujakubaliana?

Kijana wa bodaboda akasema muda ni hela. Sawa, tupige hesabu. Kilomita moja kwa mwendo wa 50 ni sekunde 72. Kwa 30 ni dakika mbili. Tunagombania sekunde 48, na foleni ya kuingia barabara kuu inakula zaidi ya hizo kila asubuhi.

Sasa tuhesabu upande wa mtoto. Dereva makini huchukua kama sekunde moja tangu aone hatari hadi akanyage breki. Kwenye 50, ndani ya sekunde hiyo gari limeshakwenda karibu mita 14. Kwenye 30, ndani ya mita hizohizo 14, dereva ameona, amekanyaga, na gari limesimama, ikiwa lami ni kavu na breki ni nzima. Pale ambapo huyu ameshasimama, yule wa 50 ndiyo kwanza mguu wake unagusa breki, na mtoto anagongwa kwa mwendo uleule. Sijasikia hoja mkutanoni inayoweza kulijibu hilo.

Mama anayeuza vitumbua karibu na lango la shule hakuhitaji hesabu. Alisema wanaokimbiza magari si wapita njia wanaokwepa foleni kama tulivyokuwa tukidai. Ni majirani. Anawajua kwa sura, asubuhi anawauzia. Watu wakaangalia chini, na nadhani ndilo neno lililokuwa na maana kuliko yote siku ile.

Kibao peke yake hakitatuvusha. Tuta tulilonalo vijana walilimwaga kwa kifusi baada ya mtoto kugongwa. Halina rangi, usiku halionekani, na pembeni yake matairi ya bodaboda zinazolikwepa yamechimba kijia laini, upande uleule wanaopita wanafunzi. Waliosema tuta kali linamtesa mjamzito ndani ya bajaji wasipuuzwe. Tuta pana lililopimwa, lenye mistari myeupe, linampunguza mwendo dereva bila kumrusha abiria.

Wanafunzi wenyewe hawakuulizwa. Hakuna anayeitumia barabara hii kwa miguu kuliko wao. Mwenyekiti ameahirisha uamuzi. Namwomba mkutano ujao amwalike mwalimu aje na watoto wawili watatu, waseme wanavukia wapi na wanaogopa wapi.

*

Wanaosema haya ni mambo ya Ulaya wawaulize watu wa Dar es Salaam. Mwaka 2019 tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross, dola 250,000 za Marekani, ilikwenda kwa SARSAI, mradi wa shirika la Amend uliofanya kazi kwenye shule za msingi za jiji hilo: njia za miguu, matuta, vivuko, alama. Huko Ulaya nako watu wanabishana. Wales iliposhusha mwendo wa barabara za makazi kutoka maili 30 hadi 20 mnamo Septemba 2023, watu zaidi ya laki nne walitia saini kupinga.

*

Dereva wa daladala aliyetanua Jumanne hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu, konda akiwafokea kina mama wapishe: hapana. Hapana kabisa.

*

Fundi cherehani wa pale kona huacha mashine yake watoto wanapotoka shule, akasimama katikati ya lami na kitambaa chekundu hadi wa mwisho avuke. Hakuna anayemlipa. Mungu amzidishie, na sisi tumnunulie fulana ya kung'aa.

*

Wasomaji wangu walishajua nitafika kwenye mifuniko ya mitaro. Mtaro ukiwa wazi, mwenda kwa miguu hana pa kukanyaga ila kwenye lami, na huko ndiko anakogongwa. Vuli ikishika, shimo na dimbwi vinakuwa rangi moja. Mifuniko iliyovunjwa ili nondo zikauzwe chuma chakavu ipigwe upya sasa, kabla mvua haijaanza, kuanzia upande wa shule.