MAITI YA NDUGU YAKO SI YA KUSAMBAZWA WHATSAPP



Ndugu yangu katika imani, hapa Mkuyuni na popote ulipo, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusia wewe: tumche Allah katika simu zetu.

Unaikumbuka Msamvu. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, ndani ya siku kumi tukufu za Dhulhija, lori la mafuta lilipinduka pale Morogoro mjini. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliofariki, pamoja na waliofia hospitalini, walizidi 100. Wengine hawakutambulika kwa sura, ikabidi vipimo vya vinasaba. Na siku ileile picha zao zilikuwa kwenye magrupu yetu: miili iliyoungua, nguo zimeteketea, hakuna hata shuka.

Sasa soma Surat Al-Maida, aya ya 31. Mwana wa Adam alipomuua ndugu yake hakujua aufanyeje mwili. Allah akamleta kunguru akifukua ardhi, ili amuonyeshe namna ya kumsitiri. Muuaji yule alijuta kwa kushindwa hata na kunguru. Wewe mwenye simu ya laki tatu, umefundishwa na nani kufukua kilichofunikwa?

Maiti wetu tunamuosha nyuma ya pazia, uchi wake umefunikwa, na muoshaji akiona aibu anakwenda nayo kaburini kwake. Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kumvunja akiwa hai. Heshima hiyo yote unaibomoa kwa kidole gumba.

Utaniambia, "Sheikh, natoa tahadhari." Tahadhari ni maneno: lori la mafuta likianguka kaa mbali, zuia wenzako, usiwashe moto, piga 114 Zimamoto waje. Haya hayahitaji uchi wa mtu. Na kama picha za kutisha zingetosha kutufunza, Msamvu isingetokea, maana Januari 2009 kule Sachangwan, Kenya, zaidi ya watu 100 walikufa vilevile wakichota mafuta, na dunia nzima ilitangaziwa.

Utasema, "Mimi nimetumiwa tu, nikapitisha." Mtume (S.A.W) amemhesabu kuwa muongo anayesimulia kila anachosikia. Je, anayepitisha kila anachotumiwa?

Mwingine husema, "Acha waonekane, wamekufa kwa tamaa." Nani kakupa ukadhi? Pale walikuwepo wapita njia na vijana wa bodaboda waliokuwa wakitafuta riziki. Hesabu yao iko kwa Mola wao. Yako inakusubiri.

Na nyinyi wenye chaneli za mtandaoni mnaoandika "USITAZAME KAMA UNA MOYO MWEPESI" huku mkijua maneno hayo ndiyo yanayovuta watazamaji: fedha inayotokana na kuanika maiti ni chumo gani hilo? Nawe unayewasambazia viungo vyao unawatafutia wateja bure.

Mfikirie mama wa hapa kwetu. Mwanawe ameteremka alfajiri na mikungu ya ndizi, kapita Kiroka, kapita Bigwa, kaingia mjini. Hakuna aliyempigia simu mama huyo. Jirani anafungua grupu, picha inajaa kioo, na mama analitambua shati alilolifua jana. Msiba umemfikia kupitia mkono wako, na kila ukituma tena unamfisha mwanawe upya.

Basi ajali ikitokea, okoa kwanza. Ukiwa na picha inayosaidia uchunguzi, wape polisi peke yao. Ukiwa msimamizi wa grupu, futa na umuonye aliyetuma. Mwenye kumsitiri Muislamu, Allah atamsitiri Siku ya Kiyama, na siku hiyo kila mmoja wetu atahitaji shuka.

Ewe Mola, warehemu waliotutangulia, wasitiri, na utusitiri sisi. Aamiin.

Ujumbe huu usambaze. Picha zile zifute sasa hivi.

Wabillahi tawfiq.