Wakongwe wa Karate Wastahili Heshima

Bwana Mhariri,

Nawapongeza wanafunzi wakongwe wa chuo cha karate cha mtaani kwetu, ambao, ijapokuwa walivishwa mikanda myeusi zamani, hata leo hufika kabla ya magharibi wakafagia ukumbi, kisha wakapiga magoti kuwafunga watoto mikanda yao myeupe. Tangu Gichin Funakoshi wa Okinawa alipotunuku mikanda myeusi ya kwanza ya karate mwaka 1924, akifuata utaratibu wa judo ya Jigoro Kano, daraja hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa elimu. Inasikitisha kwamba wengi huipata wakaaga chuo. Enyi wazazi, wapelekeni wanenu kwa wakongwe hawa wenye subira.

Wasalaam,
Msomaji wako,
Tanga