Mtoto Akicheza Uwanjani Hajapoteza Darasa

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake, sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, ni jambo la kumshukuru Allah kwamba sisi wa Keza na maeneo mengine ya Ngara na Biharamulo, pamoja na uchache wetu, tumeamka kuwapeleka watoto madrasa na chekechea wakiwa na miaka mitatu, minne au mitano. Mzazi humfikisha mtoto asubuhi, kisha hushika jembe akaelekea kwenye migomba, maharage au kahawa yake, moyo wake ukiwa umetulia kwamba mwanawe yuko mahali pa kheri. Hiyo ni amana kubwa, na kila mwenye amana ataulizwa.

Basi tuulizane: saa hizo zote mtoto anazitumiaje? Mara nyingi huketi mkekani, bega kwa bega na wenzake, akiitikia alifu, bee, tee mpaka inakaribia adhuhuri. Anayeinuka huamrishwa kuketi, anayecheka hukemewa, na fimbo imelazwa chini ya ubao. Nje kuna uwanja, kuna kivuli cha mwembe na hewa safi ya milimani, lakini mlango umefungwa. Tukiulizwa sababu, tunasema kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini aliyeitunga alisema kukunja, hakusema kuvunja.

Turejee kwa Mtume (SAW), kwani ndiye kigezo chetu. Yeye mwenyewe alilelewa utotoni katika jangwa la Banu Saad kwa bibi Halima, mbali na msongamano wa Makka. Imamu Muslim amepokea kwa Anas bin Malik kwamba Jibril alipomjia na kumpasua kifua, alimkuta akicheza na watoto wenzake. Allah aliyekuwa akimwandaa kubeba Qur'an hakumnyima utoto wake. Na alipokuwa Mtume, alimpitia Anas akicheza na vijana, akawatolea salamu. Hakuwakaripia wala hakuwatawanya. Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas, alipofiwa na ndege wake wa kuchezea, Mtume alimliwaza kwa mzaha wa upole. Imamu Nasai amepokea kwamba mjukuu wake alimpanda mgongoni akiwa katika sijida, naye akairefusha sijida hiyo mbele ya jamaa nzima, kwa kuchukia kumharakisha mtoto kabla hajatosheka. Ikiwa swala, nguzo ya dini, ilirefushwa ili mtoto atosheke na mchezo wake, ni somo gani letu lisiloweza kusubiri nusu saa?

Tazameni pia hadithi ya Jabir, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya kuwazuia watoto ndani jua linapokuchwa. Watu huitumia kuwafungia watoto, ilhali ndani yake mna faida nyingine: anayeamrishwa kuingizwa ndani jioni ni yule ambaye mchana alikuwa nje.

Wanavyuoni wetu waliliona hili zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameeleza katika Ihya kwamba mtoto atokapo chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwa sababu kumzuia kucheza na kumbebesha masomo mfululizo huua moyo wake, huzima akili yake, na humfanya atafute hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Tabibu Ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanun, amempangia mtoto mdogo saa za kucheza kila siku, na akashauri kwamba afikapo miaka sita apelekwe kwa mwalimu hatua kwa hatua. Kwa hiyo Umoja wa Mataifa ulipoiandika haki ya mtoto kucheza katika Ibara ya 31 ya Mkataba wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, haukutuletea jambo geni. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kuutumikisha mwili kwa siku, na asizuiliwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Tuzihesabu saa za mkekani kwetu, kisha tujihukumu wenyewe.

Wapo wanaosema: nje kuna hatari, kuna nyoka, kuna barabara na bodaboda. Hoja hii ina uzito, na jibu lake limo katika Suratu Yusuf. Wana wa Yaaqub (AS) walipoomba ndugu yao aachiwe aende nao akacheze, baba yao hakuulaumu mchezo. Alichohofia ni mbwa mwitu, wakati walinzi wameghafilika. Hofu yake, basi, ilikuwa juu ya ulinzi. Nasi tufyeke nyasi, tuweke uzio wa miti, tuzibe mashimo, na awepo mtu mzima mwenye macho yake juu ya watoto, si juu ya simu.

Wapo pia wanaosema kwamba mchezo ni wa wavulana, binti atulie. Hao wamkumbuke mama wa waumini Aisha (RA), aliyecheza na wenzake nyumbani kwa Mtume (SAW), na Mtume akawa anawaita wenzake hao warudi kucheza naye. Binti wa miaka minne anayeruka kamba au kucheza rede hajavunja heshima ya mtu yeyote.

Na mzazi anayelalamika kwamba halipi ada ili mwanawe akacheze, atazame Mombasa. Huko, mwaka 1982, baada ya viongozi wa Waislamu wa Pwani kuomba msaada kwa Aga Khan, ilianzishwa kazi ya chekechea za madrasa, na Bi Swafiya Said akawa mwalimu wake wa mwanzo. Mafunzo ya dini na ya shule yaliunganishwa, watoto wakajifunza kwa kucheza na vifuu, mbegu, vizibo na mchanga, na kazi hiyo ikaenea hadi Zanzibar na Uganda. Tunatofautiana na waliogharamia katika mambo ya itikadi, lakini hekima ni kitu alichopotewa nacho muumini, popote aikutapo huichukua.

Ndugu Waislamu, jambo hili halihitaji mfadhili. Mipira ya majani makavu ya migomba watoto wetu wanaijua tangu zamani. Matairi yaliyochakaa yapo, na mchanga upo. Kinachohitajika ni kamati za misikiti kukubaliana mambo matatu. Kwanza, kila madrasa yenye watoto chini ya miaka saba iwatoe nje angalau mara mbili kila asubuhi, wacheze watakavyo, bila mwalimu kuwapangia kila hatua. Pili, mchezo usiwe zawadi ya aliyehifadhi wala kuunyima kusiwe adhabu ya aliyeshindwa, kwa kuwa aliyeshindwa ndiye mwenye kuuhitaji zaidi. Tatu, na hili ndilo zito, uwanja wa msikiti usimalizwe kwa fremu za maduka. Kodi ya fremu hulipa umeme, nasi hatuipuuzi, lakini ardhi ikishajengwa haitarudi, na watoto watakaokosa mahali pa kukimbia msikitini watakwenda kupatafuta kwingine, ambako hakuna anayewatolea salamu wala anayewakumbusha swala.

Tunataka kijana wa Keza, akifika miaka ishirini, alikumbuke jina la msikiti kwa furaha. Hilo hujengwa akiwa na miaka minne.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie watoto wetu wawe vitulizo vya macho yetu, na atuafikishe kuitekeleza amana hii. Wabillahi tawfiq.