Mazungumzo ya Jamaa: Kisu cha Kahura

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Kikula alitujia jioni, akaketi, akanyamaza kitambo kirefu, kisha akatoa neno lililokuwa likimlemea. Mke wa mwanawe ni mjamzito tena. Mara ya kwanza, miaka miwili iliyopita, uchungu ulimshika usiku, mtoto amelala kwa ubavu, naye mganga wa hospitali akasema hapana njia ila kumpasua mama. Jamaa wakakataa kutia sahihi. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema: “Kwetu mwanamke hazai kwa kisu. Hayo ni mambo ya Wazungu.” Walikubali kulipopambazuka. Mama akapona; mtoto hakulia.

“Sasa,” akatuuliza, “kama wakituambia tena vile, nitawajibu nini ndugu zangu? Wazee wetu hawakujua jambo hilo.”

Hatukumjibu kwa maneno. Tulimwekea picha mezani.

Ni picha ya karne ya 19, na inafaa kwanza tuseme kidogo juu ya picha za wakati ule. Msafiri alitembea miaka miwili au mitatu, akachora kwa kalamu ya risasi katika daftari lake, akarudi Ulaya. Na huko fundi ambaye pengine hakuiona Afrika hata siku moja akaichonga picha ile juu ya ubao ipate kuchapwa. Mwingereza Cameron, aliyepita katika nchi ya Waluba mwaka 1874, alitoa kitabu chake mwaka 1877, nacho kina michoro mingi ya watu na nyumba zao. Sisi twapenda kuvitazama vitabu vya namna hiyo, kwa maana bibi zetu wamo, na misuko yao ya nywele ambayo mabinti wa leo wanadhani wameivumbua wao. Lakini mganga wa Kiafrika katika picha hizo kwa kawaida ni mtu wa pembe na manyoya na njuga, anarukaruka. Ni mara chache sana tunamwona akifunga mfupa uliovunjika, au mkunga akimgeuza mtoto tumboni kwa mikono yake. Kilichomshangaza mgeni ndicho kilichochorwa, na kilichochorwa ndicho kilichosadikiwa. Na ubaya zaidi, hata sisi wenyewe tumekisadiki.

Picha ya mzee wetu ni ya namna nyingine. Aliyeichora ni Robert Felkin, kijana aliyesomea uganga, mmoja wa wamisionari Waingereza waliopelekwa Uganda. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini macho yake yalikuwa mazuri. Mwaka 1879 alikuwa mahali paitwapo Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, akaona mama mmoja wa miaka kama 20, mwenye mimba ya kwanza, akipasuliwa. Mwaka 1884 maelezo yake na michoro yake vilichapwa katika gazeti la waganga la Edinburgh.

Mama amelazwa juu ya kitanda kilichoinamishwa, kichwa chake karibu na ukuta wa nyumba. Amekwisha kunyweshwa pombe ya ndizi, amelewa nusu. Vitambaa vya gome la mti vimemfunga kifua na mapaja. Mtu mmoja anamshika vifundo vya miguu. Mwingine, upande wa kuume, anamtuliza tumbo. Na mganga amesimama upande wa kushoto ameinua kisu. Alinuia maneno ya mizungu, na kwa hilo hatumsifu. Lakini tazama alichofanya baadaye: aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Akapasua kwa upesi katikati, chini ya kitovu. Mishipa iliyotoka damu ikaguswa kidogo kidogo kwa chuma chekundu cha moto. Mtoto akatolewa, kitovu kikakatwa, na mganga akausugua mji wa mimba kwa mikono miwili mpaka ukajikaza. Mama akageuzwa ili maji na damu vimwagike. Ndipo kidonda kikafungwa kwa vijiti saba vyembamba vya chuma, vilivyosuguliwa vikang'aa, na kuzungushiwa uzi wa gome. Juu yake dawa ya mizizi miwili iliyotafunwa, kisha jani la mgomba lililopashwa moto. Baada ya muda wa saa mbili mtoto aliwekwa kifuani. Siku ya sita chuma cha mwisho kilitolewa, na siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga.

Felkin alichora pia kisu peke yake, na kidonda kilivyofungwa. Ndiyo maana twamwamini: mtu anayetaka kushangaza watu hapotezi wino wake kwa kuchora pini saba.

Huko Ulaya, wakati ule, mama aliyepasuliwa hivyo mara nyingi alikufa. Semmelweis aliwaambia waganga wa Vienna mwaka 1847 waoshe mikono kabla ya kuwagusa wazazi, nao wengi wakamdharau. Lister alitangaza dawa yake ya kuzuia usaha katika vidonda mwaka 1867. Mwaka 1882 Mjerumani Max Sänger akafundisha kuushona mji wa mimba wenyewe, jambo ambalo mganga wa Kahura hakulifanya.

Wala tusiende mbali. Bunkeya, jirani yetu, safari ya Kapiteni Stairs ilifika Desemba 1891 pamoja na mganga wake, Joseph Moloney. Msiri aliuawa tarehe 20 ya mwezi huo, na Kapiteni Bodson aliyempiga risasi akafa kwa jeraha la tumbo. Stairs mwenyewe homa ilimlaza hata Moloney akashika amri mahali pake, na Juni 1892 alifia Chinde, penye mdomo wa mto Zambezi. Kwinini ilikuwapo, lakini homa ilitoka wapi? Wengi walishitaki hewa mbaya. Ilikuwa mwaka 1897 Ross alipomwonyesha mbu kuwa ndiye mchukuzi.

Mzee alisikiliza yote, akaitazama picha kwa karibu. “Hao ni watu wa mbali,” akasema.

Kweli, ni wa mbali. Kutoka Kahura hata Likasi ni zaidi ya kilomita 1,000, nasi hatuwezi kumwambia kwamba Wasanga au Wayeke walifanya vile. Wala hatumwambii mtu arudie pombe ya ndizi. Lakini yeye hakusema “hayo ni mambo ya Wanyoro”. Alisema ni mambo ya Wazungu, na neno hilo lilimchelewesha mama usiku kucha.

Tukamwambia na jambo jingine, ambalo kila jamaa yenye mama aliyepasuliwa lazima ilijue. Mji wa mimba uliokwisha kushonwa una kovu, na uchungu mkali waweza kulipasua kovu hilo. Mama wa namna hiyo asizalie nyumbani. Aonyeshwe mapema kwa waganga, nao waambiwe habari ya kwanza yote. Huenda atazaa kwa njia ya kawaida, huenda kwa kisu, lakini karibu na watu wanaoweza kumsaidia. Na mambo ya sahihi yazungumzwe nyumbani, mchana, kabla ya uchungu.

Mzee aliweka kidole juu ya picha. “Huyu anayemshika miguu, ni mwanamke?”

“Ni mwanamume, baba.”

“Basi wanaume walikuwamo.”

Akanyamaza tena. Kisha akauliza kama aweza kwenda na picha ile nyumbani, akawaonyeshe ndugu zake Jumapili. Tukaikunja katika gazeti isilowe, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza. Mwezi wa yule mama ni Machi.