Miiba na Tunda la Mkunazi
Mtaa wa Mkunazini, Unguja, una jina la mkunazi, mti wa miiba unaokaa na majani mabichi. Kunazi zake huanza kijani, zikageuka manjano, kisha nyekundu. Tawi moja hubeba miiba na tunda.

Hapo palikuwa na soko la watumwa hadi Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873. Krismasi ya mwaka huo liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kianglikana. Husimuliwa kwamba madhabahu ipo pale walipochapwa watumwa.

Basi tukitoka ibadani, tujiulize: dada wa kazi nyumbani kwetu amelipwa? Anapumzika lini? Tusimwachie miiba peke yake. Tumlipe leo, kabla hatujaketi kula alichopika.